Uvimbe Mpole wa Baba

Baba yangu alikuwa na sauti ya kuchungia ng'ombe, na aliitumia hata kuombea chumvi. Majirani zetu wa Dutwa walijua tunakula nini kwa kumsikiliza tu. Kwa hiyo alipoanguka na baiskeli yenye gunia la pamba, akapigwa picha ya kifua Bariadi na kivuli kikaonekana kando ya moyo, mimi niliwaza: kelele zimeganda humo.

Tukapelekwa Mwanza kwenye kipimo kikubwa. Daktari, kijana wa maneno laini, akasema ni kifuko cha maji, kimeshikana na ngozi inayofunika moyo, huenda baba kazaliwa nacho. Si saratani. Kitaangaliwa tu, na kikija kumbana pumzi watakifyonza kwa sindano.

"Huu ni uvimbe mpole, mzee," akamaliza. "Hauna shida na mtu."

Jamani, lile neno! Msukuma mfuga ng'ombe ukimwambia mpole, hafikirii hospitali. Baba aliwahi kuwa na maksai mpole, watoto wanampanda mgongoni, mpaka siku alipomchapa bure, naye akamrusha juu ya ua wa minyaa.

"Mpole haudhiwi," akaninong'oneza kwenye basi.

Kunong'ona! Baba! Nikajua tumekwisha.

Kuanzia hapo akawa mtu wa "tafadhali". Chai isiyo na sukari alikunywa. Mbuzi walipoingia kwenye mahindi akawaambia, "Jamani, tokeni basi." Hawakutoka, na wala siwalaumu. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa nalala mpaka jua linawaka. Lakini mama akaanza kukonda. Asubuhi baba alimwamkia "Mwangaluka, mayu" kwa sauti ya mtu aliyekuja kuposa, na mama akaenda kulia nyuma ya jiko.

"Ananiaga," akaniambia. "Daktari kawaficha. Tangu anioe hajawahi kunishukuru kwa ugali, jana kasema wabeja. Mtu mzima hashukuru ugali hivi hivi! Baba yenu anakufa."

Nikamweleza kwamba ni maji tu.

"Kwani watu wanazama kwenye nini?" akanijibu.

Siku ya kurudi kliniki nilimshtaki baba kwa daktari. Picha mpya ilikuwa vile vile, kifuko hakijakua hata kidogo. Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

"Mzee, mpole maana yake si saratani, hausambai. Hauna masikio. Hata ukifoka, haukusikii."

"Haunisikii?"

"Kabisa."

Baba hakusema kitu njia nzima. Nilichukia, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kumpelekea mama habari njema, na sasa ningemrudishia bubu yule yule. Tukashuka, tukashika njia ya nyumbani, na kabla ya kufika baba akawaona mbuzi. Kwenye mahindi yale yale.

"NANI KAFUNGULIA MBUZI?"

Kuku wakatawanyika. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Ungo ukamponyoka, mchele wote chini. Akasimama, akajifuta macho kwa khanga, machozi hayakomi, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Mimi!" akamfokea. "Unasemaje?"