Mluzi Uliopotea kwa Kutengenezwa

Jumamosi asubuhi mlinzi wa geti la kiwanda cha kahawa haulizi tena mkungu ule wa ndizi ni wa nani. Anausogeza kivulini, na mwenyewe, Mama Theopista Sirili, anafunga kanga kiunoni na kwenda kukaa miongoni mwa wachambuaji.

Vidole vyake vinakwenda vyenyewe. Buni nyeusi huku, zilizovunjika kule. Mashine inanguruma hivi kwamba ukitaka kusema na jirani lazima umshike bega, lakini yeye anatabasamu peke yake.

"Naisikiliza," anaeleza baadaye. "Kuna siku inaimba besi nzuri, ungedhani imefundishwa kanisani."

Kazi ikiisha saa saba anajitwisha mkungu hadi mtaa wa Majengo, kwenye kibanda cha fundi redio, Eliamini Ndelilio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeupata?"

"Bado. Lakini leo nimekuwekea mitatu ya kusikiliza."

Kinachotafutwa ni mluzi.

Mumewe, Wenseslaus, alikuwa mbeba magunia kiwandani hapohapo. Kila jioni akiingia kihambani, kwenye migomba inayozunguka nyumba yao, alipiga mluzi mmoja mrefu, uliopanda kidogo mwishoni. Alifariki mwaka 1976.

"Nikiusikia tu, naanza kupakua chakula," anasema mjane huyo wa miaka 54. "Hakuwa na maneno mengi. Mluzi ndio uliokuwa salamu yake."

Marehemu aliacha redio ndogo ya betri. Mwaka uliofuata ikaacha kushika stesheni. Eliamini aliifungua, akaipima, akaomba radhi: kipuri hakuna, mpaka wa Kenya umefungwa, na redio imebaki kupiga mluzi tu. Mama Theopista akamshika mkono.

"Usiizime. Huyo ni Wense anaingia nyumbani."

Fundi alidhani msiba umemzidi mama wa watu. Hata hivyo alimwekea kitufe cha kupandisha na kushusha ile sauti, na mambo yakaanzia hapo. Miezi michache baadaye mama alirudi kuuliza kama inaweza kupatikana sauti nene ya kuufuata mluzi. Eliamini akaiunda kwa mabaki ya redio mbovu, ndani ya kisanduku cha mbao. Kikafuata kisanduku cha kutetemesha sauti, kisha cha kudunda kama mtu anayetwanga. Vyote huunganishwa kwa nyaya, na sasa vimefika tisa katika kabati la vyombo la mama, nyumbani kwake Uru. Sahani zimehamia chini ya kitanda.

Mshahara wa mama haufiki shilingi elfu moja kwa mwezi, na betri zenyewe ni za kubahatisha. Ndiyo maana hulipa kwa ndizi.

"Kuna wiki nyumbani kwangu kilipikwa kile alicholeta mama, basi," anasema Eliamini, ambaye wateja wamempungua kwa uhaba wa vipuri na kaka zake wanamwita Dar es Salaam. "Wengine wanataka redio yao irudi ilivyokuwa. Yeye peke yake ndiye anayeniuliza inaweza kuwa nini zaidi. Ningefungaje kibanda?"

Ni upendo huohuo uliomponza. Mwishoni mwa mwaka jana, mpaka ulipofunguliwa, alipata kile kipuri kilichokosekana, kapasita mpya kutoka Nairobi. Redio ya marehemu ilikuwa kwake kwa ajili ya kubadilishwa waya. Akaona amfanyie mama zawadi ya Krismasi, akaitengeneza kabisa.

Siku ya sikukuu, nyumba imejaa watoto na wajukuu, Mama Theopista aliiwasha mbele ya wote. Ikasoma taarifa ya habari, safi kabisa. Wajukuu wakapiga makofi. Bibi yao akatoka nje, akalia kwenye migomba.

"Sikumkasirikia. Kijana alinitakia mema," anasema. "Lakini nilifiwa mara ya pili."

Eliamini aliposikia alipanda Uru siku hiyohiyo, jani la isale mkononi, kuomba msamaha.

"Mtu akikujia na isale unasamehe, utafanyaje?" anasema mama. "Nikamwambia, haya, sasa niharibie kama ilivyokuwa."

Kapasita ile mbovu alikuwa ameitupa kwenye kopo la maziwa ya unga, lililojaa nyingine mbovu kama hiyo. Tangu Januari anazifunga moja moja kwenye redio, na kila moja inalia kivyake.

"Nilifundishwa kutengeneza," anasema. "Kuharibu kitu kiharibike vilevile, hilo hakuna aliyenifundisha."

Leo ya kwanza inalia kama mbuzi, na mama anacheka. Ya pili inakoroma. Ya tatu inapoanza, anafumba macho.

"Rudia."

Fundi anarudia.

"Si yeye. Lakini anafanana naye siku alizobeba magunia mengi. Huyu nitengenezee kisanduku chake, usimrudishe koponi. Aika, asante, mwanangu."

Krismasi hii anataka kuwapigia wanawe visanduku vyote pamoja, mluzi wa baba yao ukitangulia. Koponi imebaki robo ya kujaribu. Eliamini amewaambia kaka zake wasubiri mpaka aupate, ndipo awafuate, na akisema hivyo hamtazami mama usoni. Mama anajua maana yake. Anapanga ndizi chini ya meza ya kazi, taratibu, kisha anaketi.

"Ukipatikana, fundi, kuna kazi nyingine. Nitataka uniundie sauti ya kumjibu. Miaka yote ile sikumjibu hata siku moja. Nilikuwa napakua tu."