Gauni la Manjano

Shangazi yangu ni mbishi, na ubishi wake nauvulia kofia. Bintiye alipofariki, bado mdogo, alimchora kwenye karatasi nene akiwa na gauni, na gauni akalipaka rangi ya manjano anayoitengeneza mwenyewe kwa utomvu wa mti ulio nyuma ya nyumba. Hulichanja gome, akaukinga utomvu kwa kipande cha mwanzi, akauacha ukauke. Donge lenyewe ukiliona utadhani ni udongo. Lidondoshee maji sasa! Manjano inawaka, mwenyewe utasema lahaula.

Kasoro yake moja, jua huipausha. Picha iko sebuleni, inatazamana na dirisha, kwa hiyo kila mwaka gauni hufifia na Shangazi hulipaka upya. Tulimshauri aifungie kabatini.

"Mwanangu hakai kabatini," akatujibu, na habari ikaishia hapo.

Mwaka huu kiharusi kikamlegeza mkono wa kulia. Gauni likapauka karibu liwe jeupe, naye akawa hali chakula, anaitazama picha tu. Iliniuma sana. Kwa kuwa mimi ni mchora mabango, nikajifanya fundi wa mafundi, nikamletea kopo la rangi ya dukani.

"Hii haipauki maisha, Shangazi. Ukishapaka umepumzika."

"Isipopauka, nitakaa naye lini?"

Kopo nikalirudisha kwenye mfuko, nikamwomba donge.

Nikalisugua kwenye kisahani chenye maji, nikachovya brashi, nikaichonga ncha kwa ulimi kama tulivyozoea sisi wa mabango. Nikachovya tena, nikairamba tena.

"Wee!" Shangazi akatoa macho. "Hiyo ni dawa ya kuharisha!"

Kabla sijamaliza hata kola, tumbo likanguruma, nikatoka mbio. Niliporudi kutoka chooni nilimkuta anacheka mpaka machozi yanamtoka. Tangu augue hakuwa amecheka. Ningeweza kuiramba tena, wallahi.

Nikashika brashi, naye akaulaza mkono wake mgonjwa juu ya wangu. Tukapaka polepole, kutoka kola mpaka pindo, yeye akiniambia wapi nipunguze maji. Tulipomaliza aliitazama picha.

"Umependeza, mama," akamwambia bintiye.

Kisha akanigeukia. "Mwakani uje mapema. Na brashi usiirambe."