Neno Lisilokuwepo

Gereji nzima ilimwita Fundi Sikio. Alikuwa akifumba macho, akisikiliza injini inavyokohoa, kisha anataja ugonjwa wake kabla hujafungua boneti. Karatasi ndiyo iliyomtoa jasho. Mtihani wa cheti cha ufundi ulikuwa umemwangusha mara mbili, na sasa chuo cha watu wazima alichosomea kilitaka apimwe usomaji wake. Ikionekana ni uvivu tu, jina lake linakatwa.

Neno hilo alilifahamu. Marehemu baba yake alikuwa akisoma ripoti yake ya shule kwa sauti mbele ya ndugu zake wote: mvivu.

Mpimaji alikuwa msichana wa miwani, rika la bintiye. Fundi aliikagua meza yake: saa, penseli, kadi. Yaani kichwa cha mtu kinafunguliwa kwa vifaa vitatu? Alitamani sana kuona.

"Birika" akasoma "breki". "Giza" akasoma "gia". "Sponji" ikawa "spana", tena bila kusita. Kufikia kadi ya kumi, gari lilikuwa karibu kukamilika, bado matairi tu.

Mpimaji hakucheka. Akatoa kadi nyingine. "Maneno haya hayana maana, baba. Soma tu herufi zilivyo."

Fundi akaikodolea macho kadi iliyoandikwa "bodiku". Jasho likaanza.

"Sasa mwalimu, neno ambalo halipo nitalikisia vipi?"

"Kwani siku zote huwa unakisia?"

"Wenzangu huwa wanafanyaje?"

Mpimaji akaweka penseli chini. Akachukua maswali ya mtihani uliopita, akamsomea kwa sauti moja baada ya jingine. Fundi akajibu yote, na la saba akalikosoa, kwamba aliyelitunga hajawahi kushika kabureta.

Juma lililofuata aliitwa kuchukua barua. Akaomba asomewe. Ilisema ana ugumu wa kusoma, wa tangu utotoni, na kwamba mtihani ujao atasomewa maswali.

"Na 'mvivu' imeandikwa wapi?"

"Haipo, baba."

"Hebu tafuta vizuri, mwanangu."

Mpimaji akapitisha kidole mstari kwa mstari, taratibu, mpaka kwenye muhuri.

"Haipo."

Fundi Sikio akafumba macho. Machozi yalimtoka na hakuona aibu.

"Sema tena," akasema.