Nilijifanya Sielewi Kiswahili

Jambo hili sijamwambia mtu, hata shangazi ninayelala naye chumba kimoja. Siku ile dukani nilielewa kila neno alilosema yule mama. Nilielewa, nikajifanya sielewi, na sasa anapelekwa mahakamani.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nilizaliwa Tabora, shangazi akanileta Toronto nikiwa na miaka kumi na mmoja. Tunakaa mtaa wa Weston, kwenye ghorofa moja la zamani karibu na mto. Nimemaliza sekondari Juni hii. Mimi ni mwoga wa kuongea, hata walimu walikuwa wananisahau darasani. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye duka la dawa na vipodozi nilishukuru sana. Mwenye duka, Mzungu wa makamo, ndiye mwajiri wa shangazi pia. Shangazi anamtunza mama mzazi wa Mzungu huyo, asiyeweza kutembea, naye mwenye duka ameahidi kutuandikia barua ya uhamiaji, maana makaratasi yetu bado hayajakamilika.

Si mtu wa kufoka. Siku ya kwanza aliniletea chai, akasema, "Wewe si kama wale wengine. Umelelewa vizuri." Nilifurahi, wasomaji. Sifa ile nilikwenda nayo nyumbani kama zawadi. Wiki iliyofuata akaniambia kwamba akiingia mtu mweusi, niache ninachofanya nikapange rafu karibu naye. "Wewe unawajua watu wako," alisema huku akitabasamu. Nikawa napanga shampuu zilizokwisha kupangwa. Wakati huohuo wanawake wa Kizungu walifungua mafuta, wakanusa, wakajipaka mikononi, wakarudisha kopo mahali pake, naye akataniana nao. Tofauti hiyo niliiona. Nikaendelea kupanga.

Jumanne moja, baridi imeanza, akaingia mama mmoja, kitenge kinachungulia chini ya koti. Alisimama muda mrefu kwenye mafuta ya kupaka. Nilipogeuka nikaona anatia kopo mkobani. Mwenye duka alikuwa kaunta. Akaniuliza kwa nyusi tu. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa tu, basi.

Akaenda kusimama mlangoni, akamwambia afungue mkoba. Yule mama akasoma jina langu kwenye kibandiko kifuani, jina ambalo mtu yeyote wa kwetu angelijua, uso wake ukachangamka. "Mwanangu, kumbe uko wa kwetu! Umwambie hii iko yangu. Nilitoka nayo ku nyumba, nilikuwa natafuta ya kufanana nayo. Kusoma Kiingereza sijui." Akalitoa kopo, akalifungua. Mafuta yalikuwa yamebaki pembeni tu, na alama za vidole ndani.

Kule Tabora mama yangu alikuwa akinituma dukani na kopo tupu: "Mwoneshe, akupe kama hili, asikupe lingine." Nimefanya hivyo mara ngapi mimi mwenyewe! Kabla yule mama hajamaliza kusema nilishajua ni kweli.

"Anasema nini?" mwenye duka aliniuliza. "Hiyo si lugha yenu?"

Wateja wote walikuwa wananitazama. Niliona nikijibu ndiyo, nami nitakuwa mmoja wa wale. Nikasema kwa Kiingereza kwamba silielewi hata neno moja. Yule mama alinikazia macho, kisha akalifunika kopo lake polepole. Polisi alipofika aliniuliza swali hilohilo, nami nikampa jibu hilohilo. Akalichukua kopo, akamwachia mama karatasi ya kwenda mahakamani.

Mwenye duka anasema watu hao huwa wanafungua vitu humuhumu dukani, wakachota mpaka viishe. Ameandika maelezo kwa jina langu, kwamba nilimwona akilichukua kopo kwenye rafu. Sikumwona. Nilimwona akilitia mkobani tu. Anataka saini yangu Ijumaa hii.

Nilimwambia shangazi kuhusu saini, nikamficha habari ya Kiswahili. Alikuwa anavua viatu, ametoka kazini.

"Wewe si uliona mkono unaingia mkobani?"

"Niliona, shangazi, lakini kwenye rafu sikuona."

"Rafu, rafu! Unajua nimelala kwenye makochi ya watu mangapi mpaka nikapata chumba hiki? Huyo Mzungu akikasirika tutafungasha wote wawili. Saini, yaishe."

Kisha akanipa chakula, nyama yote akaniwekea mimi.

Haijaisha. Yule mama ni mkimbizi kutoka Kongo, na Jumapili iliyopita alikuja kanisani kwetu. Mchungaji alimsimamisha tumwombee, akasema mama ana kesi ya wizi ambao hakuufanya, na akihukumiwa huenda ombi lake la ukimbizi likaharibika, naye ana watoto wawili. Nilifumba macho kabla ya wengine. Baada ya ibada akapita akisalimia, mkono kwa mkono: "Bwana asifiwe, mama. Bwana asifiwe, baba." Alipofika kwangu akanisalimia kwa Kiingereza cha kuokoteza, neno mojamoja, kama unavyomsalimia mtu asiyejua lugha yako. Na tulikuwa tumetoka kuimba Kiswahili pamoja, mimi nikiwa benchi la mbele yake.

Nikisaini, ninammaliza mama wa watu kwa uongo. Nikikataa, ninamharibia shangazi aliyenilea, na huenda tukarudishwa wote. Nikisema ukweli wote, itabidi nieleze kwa nini nilijifanya sielewi siku ile, na sababu yenyewe naona aibu kuitamka. Dada zangu, mama zangu, Ijumaa si mbali. Mngekuwa mimi, mngefanya nini?

Nawaomba jambo moja. Wengi wenu mnaoishi hapa Toronto mtakuwa mmeshamtambua mama huyu. Msimwambie kwamba nilielewa. Najua anajua, lakini nitunzieni siri hii mpaka nipate ujasiri wa kumwambia mwenyewe, kwa Kiswahili.