Nilivyojifunza yoga chumbani kwangu Bagara kwa kutumia futi ya kupimia nguo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, ila kuandika ndiyo mara ya kwanza. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, huu uzi nimeuandika kwa siku tatu. Sijaongeza kitu. Kuna sehemu ningependa kupunguza, lakini nikipunguza hamtaelewa.

Nipo Babati mjini, nimepanga chumba Bagara. Kazi yangu ni kushona. Nashona kwenye kibanda cha Fundi Elia karibu na soko, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kutovuta kitambaa. Cherehani ina meno chini ya sindano, yanakipeleka kitambaa yenyewe. Ukikivuta, sindano inakatika na mshono unajikunja. Mwanzoni nilikata sindano nyingi sana. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa, kushona ni kuinama kutwa nzima. Mwaka wa pili kiuno kikaanza kuuma. Nikienda zahanati naambiwa sina ugonjwa, nimekaa sana, nifanye mazoezi ya kujinyoosha. Hawakusema mazoezi gani na mimi sikuuliza. Mimi ni mtu wa aibu, nikishaambiwa "haya" nainuka.

Shule zikawa zinakaribia kufunguliwa, oda za sare zimejaa hadi kwenye dari. Mimi kila baada ya dakika kumi nainuka nasimama. Fundi Elia akaniambia, tena bila ukali, kwamba hiyo cherehani ikikaa wazi wiki ya sare, ile ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, atamweka mtu mwingine.

Kwetu ni Sigino. Mzee wangu alishasema ushonaji ukinishinda jembe langu liko palepale nilipoliacha. Wiki ya sare ilikuwa mbele kidogo, kwa hiyo nilikuwa na wiki tatu za kupona.

Ndipo nikakuta video za yoga mtandaoni. Mwalimu ni dada mmoja anazungumza Kiingereza. Kiingereza sijui, ila mwili unaonekana, nikawa naangalia na kuiga. Kuna neno moja alikuwa analirudia karibu kila dakika. Nikaona ni neno la kujazia tu, kama sisi tunavyosema "yaani".

Mkeka nilijishonea mwenyewe. Nilichukua sponji la godoro la zamani, nikalivika mabaki ya vitambaa vya sare, bluu na kijani. Nikaupitisha mishono minne ili sponji lisitembee. Hadi leo ndiyo kazi yangu safi kuliko zote.

Nilikuwa nafanya saa kumi na mbili asubuhi, mlango nimeufunga kwa komeo. Majina ya mikao siyajui, nikaipa ya kwangu. Kuna ya paka, kuna ya mbwa anayeamka, na ya mwisho ni ya maiti. Hiyo ya maiti unalala chali hufanyi kitu. Niliielewa siku ya kwanza.

Wiki ya kwanza kiuno kikalegea kidogo. Nikakaa kwenye cherehani dakika ishirini bila kuinuka. Hapo ndipo nilipoharibu.

Wakuu, fundi hawezi kukaa na kitu bila kukipima. Kuna mkao wa kukaa chini, miguu umeinyoosha mbele, unainama hadi ushike vidole vya miguu. Mimi nilikuwa sivifikii. Nikachukua futi ya kupimia, nikapima kutoka ncha ya kidole cha mkono hadi kidole gumba cha mguu. Inchi tisa. Nikaandika ukutani kwa chaki.

Kila asubuhi napima, naandika. Nane. Saba na nusu. Saba na nusu tena, siku hiyo nilishinda nimenuna. Nikajiambia zikifika sifuri kiuno kitakuwa kimepona. Hakuna aliyeniambia hivyo, hata yule dada wa kwenye video hakuwa na futi.

Jumapili ya mwisho kabla ya wiki ya sare nilikuwa na inchi mbili. Nikaona hizi mbili nizimalize leo.

Nikachukua mkanda wa begi la shule, wenye kile kifungio ambacho ukivuta kinakaza. Nikauunga kwa kitambaa ukawa mrefu. Nikauzungusha mgongoni, nikaupitisha kwenye nyayo, nikainama na kuvuta.

Kitu kikakata kiunoni. Nikaanguka kwa ubavu nikiwa nimekunjwa vilevile, kama shati jipya la dukani. Kila nikitaka kujikunjua kiuno kinakataa. Kifungio kilikuwa kimehamia mgongoni, mkono haukifikii.

Nyumba nzima walikuwa kanisani. Simu ilikuwa sakafuni, nakadiria inchi kumi na nne kutoka kwangu. Dada aliendelea kufundisha. Alimaliza somo, akatabasamu, akaagana na mimi, video nyingine ikaanza.

Nililala pale hadi ibada ilipoisha.

Mama mwenye nyumba anaitwa Mama Neema. Akirudi huwa anapita kila mlango kusalimia wapangaji. Akapiga hodi kwangu. Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nikasema "karibu," taratibu, kama mgeni atakuta chai.

Akasukuma, mlango umefungwa. Akazunguka dirishani, akasogeza pazia, akaniona. Akaleta fimbo ya fagio, akaipitisha dirishani akasukuma komeo, akaingia.

Nikamwamkia nikiwa hapo chini. Akaitikia marahaba, halafu ndiyo akauliza.

"Nani kakufunga?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Nilikuwa nimebakiza inchi mbili."

Akatazama ukuta wenye namba. Akatazama simu, dada wa video kasimama kwa mguu mmoja. Akachukua mkasi wangu akakata mkanda. Nilitaka kumwambia kuna kifungio mgongoni, ila nikaona si vizuri kumwelekeza mtu anayekusaidia.

Jumatatu sikwenda kazini. Mama Neema alipita sokoni, na nadhani aliongea, maana saa saba mchana Fundi Elia akaja. Nikajua amekuja kuniambia cherehani imepata mtu.

Hakukaa. Kwanza aliokota mkeka, akaugeuza, akakagua mishono, akavuta uzi mmoja kuona kama utafumuka. Haukufumuka. Ndiyo akaona ukuta.

"Hizi inchi za nani?"

"Zangu, fundi."

Nikamweleza yote. Kwa mara ya kwanza nikamwambia na kiuno kinavyouma, maana kumbe alidhani nainuka kwenda kuangalia wasichana wa duka la jirani. Akasikiliza hadi mwisho.

"Miaka miwili nakwambia usivute kitambaa," akasema. "Kitambaa umekiacha, unajivuta mwenyewe."



Akasema cherehani yangu ataikalia yeye wiki hiyo. Mimi nitasimama mezani nikate, nishone vifungo na kupiga pasi, na nikipona nirudi kiti changu. Akaondoka na futi yangu. Na mkeka akaubeba, hakusema wa nini.

Jioni nikamuuliza Neema, mtoto wa Mama Neema, yuko sekondari, lile neno la dada wa kwenye video maana yake nini. Akaniambia maana yake ni "polepole".

Sasa hivi ni mwezi wa nne tangu siku ile. Nafanya kila asubuhi, dakika kumi na tano, mlango nimeurudishia bila komeo. Ukuta nimeufuta. Nakaa kwenye cherehani saa nzima ndipo nainuka, na kiti ni kile kile changu, cha dirishani.

Mkeka wa kwanza haukurudi, nilishona mwingine. Ule uko kibandani. Fundi Elia naye kumbe kiuno kinamsumbua miaka yote, na yeye hakuwahi kumwambia mtu. Saa saba mchana anautandika nyuma ya meza ya kukatia na kufanya ile ya maiti. Nyingine hataki hata kuziona. Mteja akiingia na kusema shikamoo fundi, marahaba inatokea chini. Wenyeji wamezoea, wageni wanarudi nyuma hatua moja.

Nilichojifunza ni kwamba kiuno kikiuma useme, hata kama una aibu. Na mwili uache uende wenyewe, wewe kazi yako ni kuushikilia tu usipotee njia. Kama una maumivu makali nenda kapimwe kwanza, usianze na begi la shule.

Mwenye mkao mzuri wa shingo aweke hapa chini, sisi mafundi shingo nayo inatusumbua. Wa kucheka mcheke, nimeshazoea. Nitawajibu wote ila mnivumilie, naandika polepole.

Na atakayeuliza kama nimefika vidoleni, sijui. Futi naiacha kazini.