Sarafu za Java kwenye Misuko ya Pascasie

Pascasie hakuwahi kumsifu mteja bure. Ukikaa kwenye kiti cha saluni yake pale La Rochelle, Johannesburg, na kichwa chenye umbo baya, atakwambia, kisha atakusuka vizuri hadi wiki ijayo umlete dada yako naye akatukanwe. Alitoka Buyenzi, Bujumbura, na kitana na mdomo. Vyote viwili bado anavyo.

Mwaka jana alinunua kwa Selemani, Mtanzania anayeuza vitu vya kale kule Bertrams, kamba ya sarafu za Kichina zenye tundu la mraba katikati. Akaanza kuzifunga kwenye misuko badala ya shanga. Wa kwanza kwenda nazo kanisani alikuwa Hélène, Mkongo anayemsifu Mungu kwa shingo na mabega. Kwenye pambio la pili sarafu zilianza kuvunjika kama biskuti. Kipande kimoja kikampata mchungaji kwenye paji la uso.

Pascasie alifika Bertrams na vipande mkononi, aibu imemgeuka hasira.

“Kaka Selemani, umeniuzia feki!”

“Siyo feki, dada. Ni za Java, kule Indonesia. Zamani wafanyabiashara wa huko walitumia sarafu za Wachina. Zikawa hazitoshi, wenyeji wakayeyusha risasi na bati, wakatengeneza za kufanana nazo. Sokoni zilipokelewa.”

“Risasi? Ndiyo maana imempiga mchungaji!”

“Lakini ni za kale kweli.”

“Eish! Basi ni feki ya kale kweli.”

Selemani alikataa kuzichukua tena. Wasichana nao hawakuacha kuziulizia, kwani habari za mchungaji zilikuwa zimewavutia zaidi. Pascasie akamwendea jirani wa saluni yake, Papa Lambert, Mkongo anayeyeyusha vyuma chakavu vya alumini kutengeneza masufuria.

“Papa Lambert, Wajava walipungukiwa wakajitengenezea. Mimi nimepungukiwa.”

Lambert aligandamiza sarafu nzima kwenye mchanga wenye unyevu, akamimina alumini. Maandishi ya Kichina yalitoka kama miguu ya mende.

“Imeandikwa nini hapa?” aliuliza Pascasie.

“Hata Mchina hatajua.”

“Vizuri. Hatatudai.”

Zilikuwa nyepesi na hazikuvunjika. Hélène alizijaribu mbele ya kioo, akatikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi, na hakuna iliyodondoka. Pascasie akacheka mpaka akakaa chini.

Mwezi haukuisha, Selemani akaingia saluni akihema.

“Dada, nasikia unatengeneza feki za sarafu zangu!”

Pascasie hakuacha kusuka. “Zako zipi? Za Wachina au za Wajava?”

Selemani akachukua moja, akaigeuza, akaing'ata. Akatazama mlangoni, kisha akashusha sauti.

“Huyu fundi anakaa wapi?”

Pascasie alionyesha ukuta kwa kitana. Selemani alitoka kwa Lambert na mfuko mzima wa sarafu, akalalamika njiani mpaka kwenye robot, taa za kuongozea magari, kwamba zingekuwa nzito kidogo, zingeuzika zaidi.