Nilikwenda Kilimatinde Kumchukua Mchungaji

Safari hii ilinigharimu nauli, jogoo mmoja na amani ya ukoo wetu. Nimehesabu mara mbili, na hicho cha tatu hakipungui.

Sababu ilikuwa ukame. Mchungaji Elieza alipostaafu akahamia Kilimatinde, usharika wetu wa Ihanja uliletewa kijana, Mchungaji Amosi. Mwaka huohuo mvua ikakatika, alizeti ikakauka ikiwa bado inafika magotini. Watu wakasema baraka imehama na mzee. Kaka yangu Natanaeli, mzee wa kanisa, akapanga kwamba Jumapili Mchungaji Elieza asimame mimbarini, na Amosi akikataa, tutoke tukaanzishe kanisa letu. Nikatumwa mimi, kwa kuwa nanunua kuku vijijini na sijawahi kulipa bei ya kwanza. Nilikubali. Shamba langu nalo lilikuwa limekauka.

Ijumaa asubuhi niliondoka na jogoo wa zawadi. Ikungi nilipanda basi la Manyoni, konda akataka jogoo alipiwe. Nikamwambia huyu hajakalia kiti. Akasema hata gunia halikalii kiti, na linalipiwa. Nikalipa nusu, yeye akajiona ameshinda, na mimi vivyo hivyo. Baada ya hapo sikucheka tena. Madirishani mashamba yalikuwa na rangi ya magunia, na ndani ya gari hakuna aliyetaja mvua.

Kilimatinde nilifika kwa bodaboda, jua linashuka. Mchungaji alikuwa akitengeneza zizi la mbuzi.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba. Ihanja wamenikumbuka?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumbembeleza mpaka kesho yake. Sikufika hata katikati, akasema, "Nitakuja." Hapo nikaingiwa na hofu. Katika kazi yangu, muuzaji akikubali bei ya kwanza, ujue kuku ana ugonjwa wa kideri. Mkewe, Mama Mchungaji, alitoka nje. Alimpokea jogoo, akaingia jikoni.

Jumamosi asubuhi begi lilikuwa mlangoni, kanzu ya ibada imeshapigwa pasi. Nikamwomba atuombee safari, kama alivyotuzoeza. Akaombea barabara, dereva, wagonjwa wa Ihanja, mvua. Kisha akafika mahali ambapo kwetu sala haipiti bila kumtaja mchungaji wa usharika kwa jina. Akanyamaza.

Nilifungua jicho moja. Mama Mchungaji alikuwa amefungua yote mawili, anamtazama mumewe.

"Mtaje," akasema taratibu.

Tulisikia mbuzi wakitafuna.

"Na mtumishi wako Amosi," akasema mwishowe. "Umtie nguvu kesho."

Hakufika kwenye amina. Alilikalia begi.

"Nimemwombea asimame," aliniambia. "Nitapandaje gari kwenda kumwangusha?"

Nikamwambia watu watatawanyika. Akajibu, "Mungu aliwalisha, mkanishukuru mimi. Nami shukrani ile niliipenda. Rudi, ukae kanisani."

Ihanja, jioni, nilikuta watu stendi na ngoma. Nilishuka peke yangu, lakini waliendelea kuchungulia mlango wa gari mpaka likaondoka.

"Umeshindwa bei?" kaka akauliza.

"Amekataa."

"Basi umebaki na nani, mdogo wangu?"

"Nimebaki kanisani," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijalipima.

Jumapili kaka aliwakusanya wenzake uani kwake, nyimbo zao zikitufikia ndani. Nilihesabu mabenchi matupu, nikayahesabu tena nikitumaini nimekosea. Mchungaji Amosi alihubiri akisoma karatasi, akamaliza. Mvua haikunyesha. Nilichojifunza ni kwamba miaka yote nilimshika Mungu kwa mkono wa mtu mwingine. Sasa ninajifunza kumshika kwa wangu, na hauna nguvu sana.

Baada ya wiki mbili wakwe wanakuja kumposa binti yangu. Baba yetu hayupo tena, kaka ndiye mkubwa wa kuwapokea. Ameleta ujumbe kwamba atakuja, ila kwanza nikasali uani kwake Jumapili moja tu, watu wanione. Kanisa siachi, na kaka simtupi. Mimi niliyezoea kukata bei, hapa sijui nikate wapi. Mliowahi kupita njia hii, nishaurini: naanzaje kumwendea?